Mgema Aliyepanda Kimya

Tangu apasuliwe ngiri, Iotebwa alikuwa amekatazwa karibu kila kitu isipokuwa kusali na kula papai. Sasa miezi ilikuwa imepita, na daktari wa kisiwani Tarawa alishamwambia kovu limeshika, anaweza kurudi minazini polepole. Ruhusa alikuwa nayo. Moyo ndio hakuwa nao. Akikohoa tu, mkono ulikimbilia kinenani kama wa mtu aliyekatikiwa mkanda wa suruali.

Jioni wagema wenzake walikuwa juu, kila mmoja katika mnazi wake, wakiimba, wakijibizana, wakitaniana. Yeye alikuwa chini, mgane asiye hata na mtu wa kumwambia chakula kimeiva, akisikiliza zamu yake ikirukwa. Mwanzo waliacha pengo kidogo. Siku hizi hata pengo hawaachi.

Basi akachagua adhuhuri, watu wamelala, akapanda kimyakimya. Mgema huimba ili walio chini wajue kuna macho juu. Lakini nani ajiitie mashahidi wa kushindwa kwake? Nusu ya mnazi, miguu ikagoma. Hapandi, hashuki, kaukumbatia mti kama mchumba.

Ndipo Nei Tabotu, jirani yake, akaja na ndoo kwenye kisima kilicho chini ya mnazi ule, akaanza kulegeza shuka aoge.

Iotebwa akaimba. Sauti ilitoka imekwaruza.

"Mama yangu! Nani huko?"

"Mimi."

"Mimi nani? Una jina, au ni nazi inayosema?"

"Iotebwa."

Nei Tabotu akakaza shuka. "Loo, mzee! Sauti yako nilishaisahau."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilimchoma.

"Nimefumba macho, jirani."

"Sasa unapandaje?"

"Sipandi. Nimekwama. Naogopa tumbo." Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Linauma?"

"Hapana."

"Basi kwea, mwanamume, nataka kuoga. Nageukia huku, sitakuona ukitetemeka."

Akageuka kweli. Iotebwa akapapasa kwa kidole gumba cha mguu kidato kilichochongwa mtini, akajivuta. Kinena kikakaza, kikatulia. Kidato kingine. Hata akafika kwenye makuti, jasho likimtiririka mgongoni.

Akaimba wimbo mpaka mwisho. Minazi mingine yote ilikuwa mitupu. Chini maji yalimwagika, kisha nyayo za Nei Tabotu zikaondoka. Hakushuka. Akaketi kwenye mashina ya makuti kuwasubiri wenzake wa jioni, akijiuliza aanzie wapi kuingia katika maneno yao.