Hiace Isiyobeba Maiti

Jamleck Kihara wa Mountain View hakuzaliwa mwongo. Uongo ulimjia pamoja na ile Hiace nyeupe. Aliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa dereva aliyekuwa akisafirisha maiti kutoka Upper Hill hadi Magharibi mwa nchi, akadhani ameula. Kumbe majirani zake wakisikia gari limewahi kubeba jeneza, hata kuliegemea hawataki. Nyakio, mkewe, alimsihi aseme ukweli apate hasara yake mapema. Yeye akaweka viti, akapiga rangi, akapandisha bei hadi laki tano. Huyo ndiye Jamleck.

Jumamosi moja akaja Namalwa, mjane kutoka Kangemi, ametumwa na chama cha watu wa kwao kutafuta gari. Alifungua mlango wa nyuma akachungulia kwa muda mrefu.

"Hii gari ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Ilikuwa ya mwalimu wa Muthangari, mama. Ya kwenda kanisa tu."

"Haijawahi beba maiti?"

Jamleck aliruka utadhani ametukanwa. "Maiti? Shindwe! Naapa mbele ya Mungu, hapa hakujaingia mtu amekufa."

Uso wa Namalwa ukasawijika. "Basi si hii. Tunatafuta ile ilipeleka mzee wangu, Isaiah, nyumbani Bungoma. Mvua ilinyesha njia yote na haikukwama. Dereva wake alisema aliuzia mtu wa huku. Chama kinataka hiyo hiyo, ikuwe ya kupeleka watu wetu. Hata laki sita tungetoa."

Ni aibu kusema, lakini ukweli ulimtoka Jamleck baada ya kusikia laki sita, si kabla.

"Mama, ni hii. Dereva ni Quincy, yule mrefu, ana kovu kwa shavu."

Namalwa alimtazama, kisha akaingia garini, akainama, akaweka kiganja sakafuni. Alikaa hivyo akilia polepole. Jamleck alibaki nje, hajui aweke wapi mikono yake.

"Ni yeye Quincy," alisema aliposhuka. "Gari tutachukua. Lakini bei utaongea na katibu, mimi siwezi."

"Mama, pole. Nilikuwa nataka tu..."

"Mzee wangu alilala humu usiku mzima akienda kwao. Na wewe umemwambia shindwe, kama shetani, mimi nikisikia."

Alijifuta macho kwa leso, akaelekea barabarani. Biashara ilikuwa imeiva, na Jamleck alitamani ardhi ipasuke immeze.