Dakika Kumi na Moja za Upepo

Corinne Haskell nilimfundisha mimi mwenyewe kazi ya kutabiri hali ya hewa ya kurushia roketi, pale kwetu pwani ya Florida. Alikuja hajui hata kulisoma wingu la radi. Nikamwonyesha kila kitu, mpaka namna ya kumwambia mkurugenzi "hapana" bila sauti kutetemeka. Miaka sita baadaye kiti cha mtabiri mkuu kikabaki wazi, wakampa yeye. Mimi Loretta Tidwell, mwenye miaka kumi na tisa kazini, wakanipeleka kibanda cha maputo ya kupimia upepo.

"Mwalimu wangu, usininunie bwana," aliniambia. "Bila wewe pale kibandani mimi si kitu."

"Nani kanuna? We kalia kiti chako."

Nikacheka. Moyoni nilikuwa nawaka.

Siku ya kurusha, roketi ilikuwa na watu wanne ndani. Mbingu nyeupe, watalii wameshatandaza viti ufukweni tangu asubuhi. Saa tisa na dakika ishirini alasiri puto langu la mwisho likaleta vipimo: kilomita kumi na moja juu, upepo umegeuka na nguvu zake zimekaribia kuwa maradufu. Roketi ikipita pale ingeweza kupindwa mpaka ivunjike.

Nikaweka mkono kwenye simu. Sikuinyanyua.

Kwenye spika iliyoniletea sauti za chumba cha kurushia nilimsikia Corinne akiwatania wahandisi, nao wakiangua kicheko. Kicheko kile kilinichoma. Nikajiambia muda bado upo. Mwache kwanza aseme mbele ya wote kwamba hali ni nzuri, ndipo nimwaibishe. Nikakaa naitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja zikapita hivyo.

"Hali ya hewa?" mkurugenzi akauliza.

"Ruksa," Corinne akajibu.

Hapo ndipo nikapiga. "Corinne, upepo wa juu umechafuka. Simamisha."

"Vipimo umevipata saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Hakubishana. Nikamsikia kwenye spika: "Naondoa ruksa yangu. Simamisheni." Hesabu ya kurusha ikasimama. Nikategea sikio lawama. Mkurugenzi akasema, "Asante, Corinne. Hiyo ndiyo kazi yako," na chumba kizima kikampigia makofi. Makofi! Kwa upepo nilioupata mimi!

Jioni akaja kibandani kuchukua karatasi ya vipimo. Muda ulikuwa umechapwa juu kabisa.

"Saa tisa na ishirini," akasoma. "Loretta, mle ndani mlikuwa na watu."

"Nilijua nitakupigia tu."

"Na simu ingegoma, je?"

Nikaigeukia saa ya ukutani.

"Kumbe unanionea wivu kiasi hicho?"

"Ndiyo," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijajua.

Hakunifokea. Alirudisha karatasi mezani, akaniambia ripoti niiandike mwenyewe, akaondoka. Nilikaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika saa ya kweli. Wiki ileile wakanitoa kwenye kikosi. Siku hizi nawatabiria wakulima wa machungwa baridi inayounguza mazao yao.

Roketi iliruka siku tatu baada ya kusimamishwa. Niliitazama nikiwa kwenye maegesho ya duka moja mjini Titusville, redio ya gari ikisema. Watu waliokuwa kando yangu walishangilia, wengine wakilia. Mtangazaji akamsifu Corinne kwa jina. Nilifurahi wale wanne kupaa salama, kweli nilifurahi. Lakini redio niliizima.