Mtani Wangu Tu

Kuna maneno matatu niliyoyasema barazani kwetu Masasi, mbele ya mama yangu na wageni wake, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka uso unaniwaka kwa aibu. Hakunilazimisha mtu. Mdomo ni wangu.

Ulikuwa mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua korosho. Baba alinituma Chilangala, wilaya ya Newala, na mizani, na huko nikamkuta Veridiana. Kule juu Newala maji ni ya kutafuta; wanawake hushuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo jua likiwa kali. Siku moja, koo limenikauka, Veridiana alinivuta nyuma ya ghala, akafunika kikombe kitupu kwa kiganja. Alipokiondoa, kikombe kilikuwa kimejaa maji baridi. Nikanywa yote.

"Anajua bibi yangu tu, na sasa wewe," alisema. "Wengine wakijua wataniita mchawi. Na hayaji kwa mzaha, Sadallah. Nisipomwamini mtu kwa moyo wote, mkono unabaki mkavu."

"Mbona yamekuja?"

"Ndiyo ujue," akasema, akaangalia chini.

Tukakubaliana aje kumsalimia mama, kisha mimi niende kwao kuposa. Akaja Ijumaa, gauni limepigwa pasi, kikapu cha ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kichwani. Akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama akaitikia, macho yake kwenye msalaba shingoni mwa mgeni.

Bi Maryam, jirani yetu mwenye mdomo, akaweka kikombe chini. "Sadallah, huyu ni nani wako?"

Sisi tulikuwa watu wa biashara na madrasa, tukiwaona watu wa juu ni washamba wa vumbi. Kuleta mchumba Mmakonde, tena Mkristo, ilikuwa kumvua mama nguo hadharani. Basi nikaogopa. Mwanamume mzima niliogopa wanawake watatu wanaokunywa chai.

"Mtani wangu tu," nikasema.

Baraza zima likapumua. Sisi na Wamakonde tunataniana tangu enzi za mababu, na neno la mtani halina uzito: aseme atakalo, aambiwe lolote, hakuna kununa. Bi Maryam akanyakua kikapu bila kuomba, haki ya mtani, akaanza kumenya ming'oko.

"Mmakonde, usiondoke bila kuoga! Huku maji yapo!"

Wakacheka. Veridiana alinitazama, akingoja niseme kitu. Nikacheka na mimi. Hapo naye akacheka, maana mtani hakasiriki.

Nilijidanganya kwamba neno lile nitalifuta kirahisi. Wiki iliyofuata nikapanda na mjomba mpaka Chilangala, kanzu nyeupe, nikijua mama ataninunia. Bibi yake alinipokea uani kwa vigelegele.

"Ntani wetu kaja!"

"Nimekuja kuposa, Bibi."

Ua mzima ukaangua kicheko. "Oa yule mbuzi, ntani! Hataki mahari!"

"Si utani, Bibi. Wallahi."

"Ntani gani asemaye anatania?"

Mjomba naye akacheka, akidhani nimemleta kwenye mchezo. Nikatafuta maneno ya kweli, nikagundua nimeshayaharibu yote kwa mkupuo mmoja. Nikasema nina kiu. Ndilo lililobaki.

Veridiana akatoka na kikombe kilekile. Akakifunika kwa kiganja kama anayekinga vumbi, lakini mimi nilijua. Alifumba macho. Jasho likamtoka puani. Masikini, alijaribu, mbele ya watu wote, baada ya yote niliyomfanyia, bado alijaribu. Kisha akaondoa mkono, na sote wawili tukachungulia ndani.

"Kunywa, mtani," alisema, akaninyooshea kikombe.

Watu walikuwa wananitazama, tayari kucheka. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikakiinua, nikanywa ule ukavu mpaka mwisho, nikamshukuru.