Koti Jeupe Kwenye Msumari

Katika duka la dawa la Mama Dozi kulikuwa na jibu moja tu kwa yeyote aliyemwulizia mfamasia: "Katoka kidogo." Jibu hilo lilikuwa limetimiza miaka mitatu, na mtaa mzima ulilijua kwa moyo. Gari la wakaguzi wa dawa likikata kona tu, fundi cherehani wa kibarazani aligonga mkasi kwenye nondo za dirisha mara tatu, na kila mtu akajiweka sawa.

Mfamasia mwenyewe alikuwa mume wa Mama Dozi. Jina na picha yake vilikuwa ukutani, kwenye cheti, na sheria ilisema duka lisifanye kazi bila yeye kuwepo. Mama Dozi alikuwa msaidizi tu, wa kupanga makopo na kumwuliza kila anayepita kama amemaliza dozi, ndiyo maana wakampa jina hilo. Mume alikwenda nchi za watu kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Wa pili, alipokumbuka. Wa tatu simu ikawa haipatikani, na mtaa ukajua, kama mitaa ijuavyo, kwamba ana nyumba nyingine huko. Ulisema chinichini, na Mama Dozi akitokea ulizungumzia bei ya mkaa.

Kila Jumamosi alifua koti jeupe la mumewe, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye msumari nyuma ya kaunta, kalamu mfukoni. Mfamasia mwingine alikuwepo: binti mmoja aliyemaliza chuo, ameomba kazi mara mbili. Lakini fomu ya kubadili mfamasia ilitaka tarehe aliyoondoka wa kwanza, na mkono wa Mama Dozi haukuwahi kupita mstari huo. Fomu ilikaa ndani ya droo.

Jumanne hiyo mkaguzi alikuja kwa miguu. Mama mtu mzima, viatu mkononi, kandambili miguuni. Mkasi haukulia.

"Mfamasia yuko?"

"Katoka kidogo, mama."

"Haya. Nitamsubiri." Akavuta benchi, akakaa. "Miguu yenyewe imefurahi."

Hilo halikuwahi kutokea. Wakaguzi wote huandika, huonya, huondoka.

Mtaa ukajaribu kusaidia. Muuza magazeti alichungulia: "Daktari? Nimepishana naye sasa hivi, kaelekea benki!" Mteja wa dawa ya kikohozi naye, bila kuulizwa, akasema amemwona kwa kinyozi.

"Huyu bwana ana mbio," mkaguzi alisema.

"Mbio? Mguu wake mmoja mbovu!" fundi alidakia kutoka kibarazani, kisha akajiziba mdomo.

Mkaguzi alicheka mpaka akajifuta macho. Akakagua friji, akasoma daftari la joto, akapekua tarehe za mwisho za makopo. Hakukuta kosa hata moja. Akarudi kwenye benchi. Saa sita ikapita, saa tisa ikapita. Na kila kivuli kilipoanguka mlangoni, aliyeinua kichwa kwanza alikuwa Mama Dozi. Mkaguzi aliliona hilo mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya kumi. Alizoea kukaa na waongo. Mwongo hutazama mkaguzi. Huyu alitazama mlango.

Jua lilipofika kwenye rafu ya dawa za macho, mkaguzi alivaa viatu.

"Mwanangu, mimi nimemsubiri tangu saa nne. Wewe tangu lini?"

Mama Dozi alipanga makopo ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. "Miaka mitatu na mwezi," alisema. "Alhamisi. Hata chai hakuimaliza, gari lilikuwa linapiga honi."

"Nikiandika nilichokiona, kesho nafunga duka. Ukijaza fomu sasa hivi, una siku saba za kuleta mwingine, na mlango unabaki wazi."

"Na jina lake?"

"Linashuka."

Mama Dozi alivuta droo. Akaandika kila kitu haraka, na alipofika kwenye tarehe akaiandika bila kutazama kalenda. Kisha akainua macho kwenye cheti ukutani. Mkaguzi akajifanya anatafuta mhuri kwenye mkoba, akautafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ya Jumatatu yule binti alifika, mwembamba, ana shauku hadi kwenye nywele. Hakuwa na koti. Mama Dozi alisimama mbele ya msumari kidogo, akalitoa lile, akatoa kalamu mfukoni, akaitia kwenye mfuko wake mwenyewe. Koti akampelekea fundi.

"Mikono mirefu kwake."

"Nikate kiasi gani, mwenzangu? Vidole vinne?" Mkasi ulikuwa umeshafunguka.

"Usikate. Kunja kwa ndani."

Fundi alimtazama usoni. Akafunga mkasi. Akatia uzi kwenye sindano, akapiga bandi ndefu ndefu, zile zinazofumuka kwa kuvuta mara moja.