Dubu Kifuani

Kazi yangu ni kuuza masweta ya mtumba, yale mazito yenye kofia, kwa hiyo vyuo vikuu vya ng'ambo navijua kuliko unavyodhani. Navijua kwa wanyama wao. Kuna chuo cha Bundi, kuna cha Farasi, kuna cha Nyuki aliyekunja ngumi, sijui hao wanasomea nini. Na kuna Dubu. Kila robota ninalofungua, Dubu yumo. Wateja hata hawasomi maandishi, wananyoosha kidole tu: nipe huyo Dubu. Akitundikwa asubuhi, mchana hayupo.

Kwa muda niliokaa pale mezani nimejitungia sheria yangu. Sweta la chuo likija limechakaa viwiko na kufifia shingo, ujue mwenyewe alilipenda, alilivaa mpaka basi; hicho ni chuo. Likija jipya, bado lina mikunjo ya dukani, ujue waligawiwa bure wakaona haya kulivaa. Hicho si chuo, ni kibanda. Dubu siku zote huja amechakaa. Usinicheke. Wenzangu wa sokoni wenye watoto waliofaulu huja kuniuliza, na nimewashauri wengi.

Sasa binti yangu, mwanangu wa pekee, alimaliza shahada ya mambo ya udongo hapa hapa nyumbani, akaviandikia vyuo vya nje ili aendelee mbele. Viwili vikamkubali, na vyote vilikuwa tayari kumsomesha bure. Kimoja ni Dubu. Siku hiyo nilipiga vigelegele mpaka muuza viatu wa meza ya pili akadhani nimeposwa. Cha pili ni chuo fulani kidogo, kiko kwenye mji wa baridi ambao hata yeye binti aliutafuta kwanza kwenye ramani. Sijawahi kukiona kifuani mwa mtu. Nikamuuliza, mnyama wao nani?

"Hawana mnyama, Mama. Wana jani."

Jani! Nikamwambia sawa, waandikie hao wa jani uwashukuru, halafu wajibu Dubu. Akaendelea kumenya viazi. "Mama, mimi naenda kwenye jani," akasema.

Mtu mwenye akili timamu haachi Dubu akafuata jani. Nikajua hapa pana jambo, na jambo la msichana wa umri ule kwa kawaida lina ndevu.

Nikaanza upelelezi. Alipoongea kwenye simu nilipita na ufagio, mara mbili, mara tatu, nyumba ikang'aa kuliko siku ya harusi. Niliyoyasikia yote yalikuwa chumvi ya ardhini, mashamba yaliyochoka, na sijui vidudu gani vinavyokaa kwenye mizizi. Siku moja nikachungulia kioo cha simu yake. Aliyekuwa anaongea naye, mwalimu wa kule kwenye jani, alikuwa mama wa makamo, mvi kichwa kizima, ana mabuti yenye matope. Ndevu hana.

"Huyu ndiye?" nikamuuliza.

"Ndiye. Alisoma kazi yangu yote, Mama. Aliniuliza maswali mpaka nikatoka jasho. Dubu walinitumia pongezi tu, zile zile wanazomtumia kila mtu."

Kisha akanionyesha kwenye kompyuta orodha ya vyuo vya dunia nzima, vimepewa namba kama wanafunzi wa darasa. Kwenye ile orodha kubwa Dubu alikuwa juu kabisa, na jani nililitafuta mpaka macho yakauma. Lakini akabonyeza pahali, ikaja orodha nyingine, ya udongo peke yake, na hapo jani likawa mbele na Dubu yuko nyuma anahema. Nikamuuliza, nani anayepanga hizi namba? Akasema kuna watu wamesomea. Nikamwambia, mwanangu, mimi mwenyewe napanga gredi mezani kwangu kila asubuhi, najua gredi inavyopangwa. Ninachotaka kitoke mapema ndicho ninachokiweka juu.

"Si wewe husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?" akanijibu. "Basi anayejitembeza duniani ni huyo Dubu wako."

Alinikata maini, lakini sikuonyesha.

Hapo nikakumbuka nina mtu wa kumsemesha. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, yuko huko huko kwa Dubu. Sisi tunamwita Profesa. Alisoma chuo chetu cha hapa, akafaulu vizuri, akaenda ng'ambo kuongeza, na baadaye akatuma picha amesimama mbele ya jengo la matofali mekundu, Dubu kifuani. Mama yangu aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni mkabala na mlango, huingii kwake bila kusalimiana nayo. Tangu wakati huo mtaa mzima unamwita Mama Profesa. Kwenye vikao wanamwachia kiti cha mbele. Wazazi wanamletea watoto wavivu awaseme, naye anawasema, kisha anawaonyesha ile picha. Miguu yake siku hizi haimbebi vizuri, hatoki sana, na jina lile ndilo linalomletea watu mlangoni. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumpikia, lakini hakuna aliyewahi kumwita Mama Sweta. Haya, tuyaache hayo.

Nikampigia Profesa, nikamwambia mpwa wako amepata kwa Dubu na anataka kukataa, hebu muonye.

"Mwache aende hicho kingine," akasema. "Ni kizuri sana hicho."

Alijibu upesi mno, hata jina la hicho kingine sikuwa nimemtajia. Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akikubali bei kabla hujaitaja, zikague noti zake. Nikapika, nikafua, nikalala, na wazo moja tu kichwani: hawa wawili lao moja. Huwa wanaongea mara kwa mara, mtu na mjomba wake. Na kila nilipomtaja Dubu mbele ya bibi yake, binti alikuwa anainamisha macho na kuzungumzia kitu kingine. Nilidhani ni adabu. Kumbe, nikajiambia, kuna wanachokificha.

Asubuhi iliyofuata nikampigia tena nikiwa mezani kwangu, nikamwambia sitaki chenga. "Wewe na binti yangu mnanificha nini?"

Nikasikia vyombo vinagongana nyuma yake.

"Uko peke yako, Dada?"

"Niko na masweta. Sema."

"Mimi sikusoma hapa."

"Hapo wapi?"

"Kwa Dubu. Napika. Niko jikoni, kwenye bwalo la wanafunzi. Tangu nilipofika."

Nilikaa juu ya robota ambalo sijalifungua. Akanieleza kwamba alipofika na vyeti vyake, dada wa ofisini alikigeuza cheti chake mbele na nyuma kama noti ya nchi asiyoijua. Akaandika jina la chuo chetu kwenye kompyuta, halikutokea. "Hakuwa na ubaya," mdogo wangu akasema. "Alikuwa mpole kabisa. Aliniambia hiki chuo hakimo kwenye orodha yao, kwa hiyo itabidi nianze upya, mwaka wa kwanza, na watoto. Nikasema nitafute kazi kwanza, nijipange. Ndiyo hivyo nikajipanga mpaka leo. Siku hizi chuo chetu kimo, mkiani huko, lakini kimo, ndiyo maana mpwa wangu wamemchukua. Enzi zangu hakikuwemo."

"Na sweta?"

"Linauzwa dukani, Dada. Mtu yeyote ananunua."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Yule dada mpole? Mdogo wangu? Mwenye kupanga orodha? Kijana wetu aliyekuwa anafundisha mtaa mzima hesabu ubaoni, leo anamenyea vitunguu watu waliouliza chuo chake ndicho kitu gani. Mteja akaja akanyoosha kidole kwa Dubu, nikamwambia hauzwi.

"Usimwambie mama," Profesa akasema. "Nakuomba. Hilo jina ndilo pekee nililowahi kumpa."

"Nimekusikia," nikamjibu. Ananijua tangu tukiwa watoto, anajua kwangu kusikia si kukubali.

Sasa picha yote nikaiona, au nilidhani nimeiona. Binti anajua. Anajua kwamba akienda kwa Dubu atakula chakula cha mjomba wake kila mchana, na bibi atamuuliza habari za Profesa, na wenzake watarudi likizo na maneno. Kwa hiyo anaacha chuo kikubwa kuliko vyote ili kulinda uongo wa mtu mzima. Mwanangu ana roho hiyo. Akiwa mdogo alikuwa anakubali kupigwa kwa kosa la mwenzake. Niliumia kweli. Nikasema uongo wa mdogo wangu hautakula maisha ya mtoto wangu, hata kama aliyeusema nimembeba mgongoni.

Jioni nikamkalisha. "Unamficha nani?"

"Simfichi mtu, Mama."

"Mficha ndiye husema hivyo."

"Basi niseme nini?" akauliza, na akarudi kwenye kompyuta yake. Nikaona ananilinda hata mimi. Na nikimwambia nimeshajua, bado atamwogopea bibi yake. Dawa ya jipu ni kulitumbua.

Siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo ilikuwa Jumapili. Mchana tulikuwa sebuleni kwa mama, yeye kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda, binti mezani na kompyuta imefunguliwa. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele ili jirani asituingilie. Nikampigia mdogo wangu, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu katikati ya meza.

"Dada, salama?"

"Salama. Niko na mama, na mpwa wako yupo, wote wanakusikia. Mwambie mama unafanya kazi gani."

Maji yalikuwa yanachuruzika huko aliko, kisha mtu akayafunga.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba, Profesa wangu. Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama." Akavuta pumzi. "Mama, mimi si profesa. Sikusoma huku. Mimi ni mpishi. Nawapikia wanafunzi."

Mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa, akaivua tena. Nilitamani aseme lolote, hata anitukane. Lakini nilikuwa na kazi ya kumaliza, nikamgeukia binti yangu.

"Haya. Njia ni nyeupe. Huna tena wa kumfichia. Wajibu Dubu."

Alikuwa anaitazama simu, mdomo wazi.

"Mjomba ni mpishi?" akasema.

"Usijifanye."

"Mama, ndiyo kwanza nasikia."

Nikamtolea macho nikitafuta pale uongo ulipofichwa. Nilitafuta kwa bidii, kwa sababu nilikuwa nauhitaji. Uso wake ulikuwa umepauka, na haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeona mtu mzima anapigwa.

"Lakini yeye mwenyewe alisema uende kwenye jani," nikasema. "Mlipanga."

"Nilimwambia nataka kwenda, akaniambia niende. Kupanga gani?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuambia nataka jani kwa sababu nalitaka. Nilikuambia jikoni, nikakuonyesha orodha, nikakuonyesha na yule mwalimu. Mara ngapi, Mama? Ungeniamini mara moja tu, mjomba asingefanyiwa hivi."

Akavuta kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena. "Nimewajibu," akasema. "Naenda kwenye jani." Hakuniangalia.

Simu bado ilikuwa katikati ya meza, na nilikuwa nimeisahau.

"Dada," mdogo wangu akaita. Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Kwa hiyo hakuwa anajua?"

Nikatazama meza.

Mama akanyoosha mkono nimpe simu, nikampa. Akaiweka sikioni, ingawa sote tulikuwa tunasikia.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, Mama."

Hapo ndipo aliponiangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ipigwe. "Tupishe," akasema.

Nikasimama. Nikamngoja binti yangu ainuke twende, naye hakuinuka.