Mvinyo Unaokohoa

Denzil Stacy, mleta vifurushi, alibisha hodi wakati Verlene Musick anasokota mikate ya soseji jikoni, akaomba kitambulisho.

"Denzil," Verlene alisema, mikono yote unga, "nimekufundisha shule ya Jumapili hujui hata kufunga kamba za viatu. Leo unanionaje, kigoli?"

"Sheria, Bi Verlene. Mvinyo ukivuka mpaka wa jimbo, mtu mzima asaini mlangoni. Hata angekuwa Nabii Musa ningemwomba kitambulisho."

"Musa angekupasua kichwa na vibao vyake vya mawe."

"Angepasua, lakini kwanza angesaini."

Verlene alikuwa na miaka sabini na moja. Alinawa mikono, akaonyesha kitambulisho, akasaini. Katoni zilikuwa mbili, moja ya duka la California na nyingine ya duka la New Hampshire, kila moja na chupa chache za kuonja. Mjukuu wake Kendra angeolewa mwezi wa Mei katika ukumbi wa zimamoto, na kazi ya kutafuta mvinyo ilimwangukia Verlene kwa sababu ndiye mjuzi wa bei katika ukoo. Aliwahi kurudisha tikitimaji dukani baada ya kulila nusu, akarudishiwa pesa yote na pole juu. Safari hii alikuwa anayapima maduka matatu kwa bei, huduma na usafirishaji. California walikuwa na bei ya chini kuliko wote na hawakutoza nauli ya mzigo. New Hampshire walikuwa juu kidogo na nauli unalipa, ila jimbo lao halina kodi ya mauzo. La tatu lilikuwa duka la Bwana Prentiss Hale, ng'ambo ya mpaka upande wa Virginia, karibu tu kwa gari, ambako bei hazibandikwi kwenye chupa.

Alizishusha katoni kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye ubaridi. Maharage hayajaiva, akasikia mtu anakohoa huko chini.

Hakuna mwanamke wa Harmon Fork, mji wao wa makaa ya mawe, asiyekijua kikohozi hicho. Huanza kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, kisha jambo lenyewe halisemwi. Orvil, mumewe, alitoka nacho mgodini na kulala nacho kitanda kimoja na Verlene kwa miaka mingi, mpaka mapafu yake yakawa meusi na magumu, na siku moja yakakataa. Kabla hayajakataa, alimshika mkewe mkono akamwambia kikohozi hiki kisisikike tena ndani ya nyumba hii. Verlene akaapa, na kiapo chake hakikuwa cha mdomo tu. Colby, mchumba wa Kendra, alipotaka kwenda mgodini, Verlene alimwandama kwa maneno mpaka akakubali kazi ya kubadilisha matairi. Baada ya harusi vijana hao wangehamia humu humu, na mwisho wa kiangazi mtoto wao angezaliwa katika chumba cha juu kilichopakwa rangi ya njano. Verlene alitaka jambo moja tu duniani, mtoto huyo avute hewa safi.

Kwa hiyo aliposikia kikohozi aliogopa. Aliogopa kwamba Orvil amerudi, akaona haya, kwa kuwa alimpenda lakini hakutaka arudi.

Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha chini. Ubavuni mwa mlango huo palitundikwa ubao wa mgodi, ambao Orvil alikuja nao nyumbani mgodi ulipofungwa, pamoja na kopo la vipande vya shaba ambavyo havikuwa na wenyewe. Mchimbaji akiingia ardhini hutundika kipande chake, akitoka hukitwaa. Kipande kikibaki ukutani, kuna mtu ndani, na hakuna anayekwenda kulala. Siku ya mazishi Verlene alikitoa cha Orvil kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ubao ulikuwa mtupu, kumaanisha kwamba kule chini hakuna mtu.

Aliwasha taa akashuka. Moshi ulikuwa unafuka katika katoni ya California, mwembamba, na kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa aliketi msichana mwenye kitambaa mdomoni na kisu cha kuvunia zabibu mkononi. Mabega yake yalikuwa na majivu. Alisema anaitwa Nayeli, na akaomba radhi kwa sakafu.

"Majivu yanafagiliwa," Verlene alisema. "Umeanza lini kukohoa?"

"Wakati wa mavuno ya moto, bibi."

Nayeli alisema kwa lugha ya kwao Mexico, Kimixteki, na Verlene kwa Kiingereza cha milimani, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie. Nayeli alieleza kwamba moto uliposhuka kilimani, askari waliuhamisha mji mzima, matajiri na mbwa wao. Barabara ikafungwa. Lakini zabibu zilikuwa zimeiva na zisingengoja, basi mwenye shamba akapata kibali. Watu wa mji wakatolewa, wachumaji wakaingizwa. Walichuma huku jua limekuwa jekundu mchana kutwa, na walipoomba vifuniko vya mdomo waliambiwa vimo njiani vinakuja.

"Vikaja?"

"Labda vimefika sasa," Nayeli alisema, akakohoa.

Katika katoni ya New Hampshire palikuwa na kikohozi kingine, cha chini kidogo, cha mtu asiyeonekana ila viatu. Verlene alipanda ngazi, akachukua vipande viwili vya shaba kwenye kopo, akavitundika. Ubao ni ubao, alijiambia. Aliye ndani huhesabiwa.

Kesho yake alipiga simu California. Mhudumu alipokea upesi, akamwita Verlene kwa jina na kumuulizia hali ya hewa.

"Mvinyo wenu unakohoa," Verlene alisema.

"Pole sana, mama. Ni kikohozi kikavu au cha makohozi?"

"Cha makohozi."

"Ahaa. Kikavu tungekurudishia pesa, kwa maana hiyo ni dosari. Cha makohozi ni tabia ya mavuno ya mwaka ule. Kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

"Kuna binti kwenye chumba changu cha chini."

"Huyo hatozwi nauli, mama. Amekuja na mzigo."

New Hampshire walimweka kwenye muziki mpaka chai ikapoa, kisha wakamwambia mvinyo wao na wa California unatoka bonde lile lile, ila wao huuchuja mara mbili. Huduma yao, Verlene aliona, ilikuwa ya kweli zaidi na ya adabu pungufu.

Alhamisi akawasha gari akavuka mpaka. Bwana Hale alikuwa mzee wa tai ya kipepeo, mwenye kupangusa glasi ambazo hazikuwa chafu. Alimmiminia tone, akamwambia asitazame rangi, asikilize. Verlene aliinamisha sikio juu ya glasi. Kwa muda hakusikia kitu. Halafu, mbali sana, kama mtu aliye nyumba ya tatu na milango yote imefungwa, akakisikia.

"Kimo," alisema.

"Kimo, bibi yangu. Huu umelala miaka kwenye pipa la mwaloni, kikohozi kimelainika. Wateja wangu wengi hawakisikii kabisa. Wachache wanakisikia, wanasema kinaupa mvinyo uzito."

"Hakuna usiokohoa?"

Hale aliweka glasi chini. Alifikiri kwa uaminifu, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Upo usiosikika. Huo uko juu ya rafu ile, na sijawahi kumuuzia mtu kutoka upande wenu."

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hale alikuwa amepata njia ya kukificha kikohozi chenyewe, na njia hiyo ilikuwa bei. Chupa moja ya rafu ile ingemeza keki, bendi na gauni. Verlene alivuka mpaka kurudi nyumbani akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na hofu imemkaa kifuani kama ugali uliolala.

Kendra alisikiliza habari yote huku anapaka siagi kwenye mkate. Tumbo lake lilikuwa limeanza kugusa meza.

"Bibi, wote wanakohoa, si ndiyo?"

"Wote."

"Basi tuchukue wa rahisi."

"Rahisi huvunja upishi, mwanangu. Nilimuapia babu yako. Na huyo uliyembeba atavuta moshi huu."

"Bibi jamani! Ukumbi mzima wa harusi yangu utakuwa na wazee wa mgodini na mitungi yao ya oksijeni. Nani atakisikia? Halafu bendi ya kina Rufus Dillow inapiga mpaka bati linacheza." Alimshika nyanya yake bega. "Tukimaliza harusi chumba cha chini kitakuwa kitupu. Mtoto hajaja bado."

Verlene alifungua pochi akahesabu. Mfuko wa harusi aliujua kuliko yeyote, kwa kuwa ulikuwa wake. Aliagiza California, akiwa na uchungu mdomoni, akijidanganya kwamba mvinyo ukinywewa mtu wake huondoka.

Mzigo ulipofika, Verlene alikuwa anaoga. Nayeli, aliyekuwa karibu na ngazi, alipanda akafungua mlango. Denzil alimtazama, akatazama kitabu chake cha kusaini.

"Una miaka mingapi, dada?"

"Kumi na sita."

"Basi siwezi kukukabidhi. Mvinyo si kitu cha watoto."

"Nimeuchuma mimi."

"Kuchuma sawa," Denzil alisema kwa upole. "Kupokea ndiko kuna sheria."

Walisimama hivyo, yeye na katoni zake barazani, Nayeli na kisu chake kizingitini, mpaka Verlene akashuka na taulo kichwani akasaini. Jioni hiyo chumba cha chini kilijaa. Waliketi juu ya katoni, juu ya mashine ya kufulia, juu ya sanduku la zana za Orvil, wengine wakubwa kwa umri kuliko Verlene, na kila mmoja alikohoa kwa zamu, kwa adabu ya watu waliozoea kulala wengi chumba kimoja. Verlene aliwapelekea maharage na mkate wa mahindi. Hawakula, lakini walishukuru. Alitundika kipande kwa kila mtu, mpaka kwenye kopo kikabaki kipande kimoja tu cha akiba.

Harusi ilifana. Colby alilia kabla ya bibi harusi. Chupa zilipofunguliwa ukumbi ulikohoa wote kwa pamoja, na wazee wa mgodini, kila mmoja na mtungi wake, wakaitikia kutoka meza zao za nyuma, na kwa dakika nzima wale wa kwenye glasi na wale wa kwenye viti walizungumza. Mzee Rufus alingoja wamalize ndipo akaanza wimbo. Shangazi yake Colby, mgumu wa kusifu, aliuliza mvinyo umetoka duka gani, na alipotajiwa bei akalirudia jina la duka mara mbili ili asilisahau.

Verlene alirudi nyumbani kabla ya keki kukatwa. Alitaka kutoa vipande. Alishuka akakuta katoni tupu na watu wale wale, hakuna aliyepungua. Alimuuliza Nayeli kwa nini hawajaondoka, mvinyo umekwisha.

"Tutoke kwenda wapi, bibi? Mavuno mengine yanakuja."

"Na moto?"

"Na moto."

Verlene aliketi kwenye ngazi na kulia, na Nayeli akamsogezea kitambaa chake, kisha akakirudisha mdomoni mwake mwenyewe kwa sababu alikihitaji.

Mtoto alizaliwa mwisho wa Agosti, wa kike, mzito, mwenye nywele nyingi. Duka la California lilituma pongezi na kuomba maoni, nyota kwa bei, nyota kwa huduma, nyota kwa usafirishaji. Kendra alitoa tano tano kote. Hapakuwa na mahali pa kuweka neno jingine. Kisha, kwa kuwa watu wangekuja kumwona mtoto, akaagiza tena.

Denzil alibisha hodi Jumanne, Verlene akiwa anasokota mikate. Aliomba kitambulisho. Verlene alikuwa ameshakishika. Chini ya sakafu walikuwa wanakohoa kwa zamu, na yeye kwa mazoea aliwahesabu wakati kalamu inatafuta mstari. Waliisha. Halafu akasikia kimoja zaidi, kidogo, cha mtu anayesafisha koo ili aseme jambo. Hakikutoka chini. Kilitoka juu, kwenye chumba cha njano.

Denzil alikisikia pia. Alitazama viatu vyake.

"Saini hapa, Bi Verlene," alisema taratibu.

Verlene alisaini. Kisha akafuta unga mikononi, akachukua kipande kile cha mwisho, na hakukitundika safu moja na vingine. Alikipigilia msumari wake, chini, karibu na sakafu, pale ambapo mtoto akianza kutambaa ataweza kukifikia mwenyewe akitaka kutoka.