Ushauri kwa Mchawi Anayeanza

Mimi ni mchawi wa mwaka wa kumi na moja hapa Mbuji, na sijawahi kuroga hata kuku. Nilizika waume wawili, kisha nikanenepa. Kosa langu ni hilo tu. Watu walitegemea nikonde. Kwa hiyo mwanamke yeyote anayeanza kuitwa mchawi huku kwetu, hata kama jana alikuwa ananisengenya, lazima atakuja kupiga hodi kwangu. Nani mwingine anaijua kazi?

Machi iliyopita alikuja Jacqueline, mjane wa Cleopa. Alinipa shikamoo akiwa bado uani, akakaa kwenye kigoda, akalia. Nikamwacha alie. Wanaoanza wote nawaambia hivyo: malizieni machozi hapa kwangu, kwa Edina, maana huko nje hayana kazi. Ukilia, watasema unajifanya. Usipolia, watasema mchawi hana machozi. Misiba nayo ni hivyo hivyo. Usipokwenda, umeua wewe; ukienda, umefuata kutazama kazi yako. Basi nenda, shika mwiko, pika, na ukimaliza, kula ushibe.

Alipotulia akanieleza, ingawa habari nilikuwa nayo tayari. Cleopa alikuwa akiteremka Mbamba Bay kununua dagaa, na mwaka juzi mtumbwi aliopanda ulipigwa na dhoruba ziwani. Alipatikana siku ya tano. Aliletwa kwenye jeneza lililopigiliwa misumari, wazee wakakataza lisifunguliwe, hata kwa mama yake mzazi. Tukazika. Jacqueline akabaki na watoto wawili, nyumba ya bati, na shamba la mteremkoni ambalo Cleopa alipewa na baba yake.

Sasa sisi Wamatengo mlimani tunalima ngolo. Mwanamume hufyeka nyasi, zikikauka anazilaza kwa mistari inayopishana mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Mwanamke anamfuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Jembe ni la mwanamke, nyasi ni za mwanamume. Mwanamke akionekana anapanga nyasi, atachekwa kuanzia kisimani mpaka kanisani. Mjane humwomba shemeji yake. Jacqueline alimwomba Ildefonsi, kaka wa marehemu, mara tatu, na mara zote tatu mgongo ulikuwa unamuuma. Mgongo huo huo ulibeba magunia ya kahawa wiki ileile, nimeuona kwa macho yangu.

Hata hivyo, siku moja watu waliamka wakakuta mteremko wa Jacqueline umefyekwa na kuanza kupangwa nyasi, mistari imenyooka kuliko yao, na hakuna mwanamume aliyeonekana pale. Kila kulipokucha mistari ilikuwa imeongezeka. Mwaka uliofuata ikawa vilevile.

Basi majibu yakapatikana haraka. Cleopa hakufa. Mkewe kamfanya msukule, mchana anamficha darini, giza likiingia anamtoa akalime, na kwenye lile jeneza tulizika mgomba. Aliyeanza kulisema ni mama mkwe wake, Bibi Hildegardi, mama mpole ambaye siku zote hasemi na mtu vibaya. Ildefonsi akalipokea neno kwa mikono miwili. Akaitisha kikao cha ukoo, Jumapili baada ya Misa: Jacqueline amtoe Cleopa mbele ya watu, la sivyo arudi kwao Kingerikiti, na aache shamba, nyumba na watoto.

Nilimuuliza ni nani hasa anayepanga zile nyasi. Akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwa padri kwamba ni yeye mwenyewe. Anaamka saa kumi alfajiri, anafyeka, nyasi zikikauka anazipanga kwa kupapasa, kukianza kupambazuka anarudi nyumbani kujifanya anafagia uwanja. Aliona aibu kuonekana.

Jamani, nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, anakubali kuitwa mchawi kwa kuogopa kuchekwa! Nikamwambia mficha uchi hazai, na kwamba kama ni kucheka, mimi nimechekwa miaka kumi na moja na meno yangu yote yapo. Yeye akasema anafikiria kuondoka na watoto Jumamosi, kabla hawajakaa kikao. Hapo ndipo nikampa ushauri mkubwa kuliko yote, ambao mimi sikupewa na mtu.

"Ukikimbia, wewe ni mchawi na shamba ni la Ildefonsi. Ukibaki, wewe ni mchawi na shamba ni lako. Uchawi ni uleule, mwanangu. Chagua penye shamba."

Nikamweleza na namna ya kusema kikaoni. Asikatae. Mchawi anayekataa hakuna anayemsikiliza, maana kila mchawi hukataa. Akubali, kisha awapeleke wakaone kwa macho yao, mchana kweupe.

Jumapili nilikwenda bila kualikwa. Faida ya uchawi wa siku nyingi ni kwamba watu wanakupisha, na hakuna anayethubutu kukuuliza umefuata nini. Ildefonsi alisema sana. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Aliwataja watoto wa marehemu, akaitaja damu ya ukoo, mgongo wake hakuutaja. Alipokaa, Jacqueline akasimama.

"Ni kweli yupo anayenipangia nyasi," alisema. "Twendeni shambani mkamwone."

Wanawake wawili walifanya ishara ya msalaba. Tukateremka wote, Ildefonsi naye nyuma kabisa, kwa mara ya kwanza hana haraka. Upande wa chini wa shamba ulikuwa umefyekwa na nyasi zimekauka, hazijapangwa. Jacqueline alivua viatu vyake vya kanisani, akajifunga kitenge kiunoni, akachukua nyasi kwa mafungu, akaanza kuzilaza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaipishanisha, na miraba ikaanza kujitokeza, sawasawa, kama ile ya daftari la hesabu. Nilikuwa nasubiri mtu acheke nimshughulikie. Hakucheka mtu. Alifanya miraba kumi na miwili, jasho likimtiririka.

Mzee Isidori, mkubwa wa ukoo, aliukagua mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaupima kwa fimbo yake. Akasema yeye mwenyewe katika ujana wake hakunyoosha hivi, na kwamba kama huyu ndiye msukule, basi kila nyumba inahitaji wa kwake. Kikao kimekwisha, shamba lina mwenyewe, watoto wana mama yao. Ildefonsi akapandisha mlima peke yake. Nilifurahi jamani, nilifurahi mno, kinywa nimeshakifungua nipige vigelegele.

Ndipo Bibi Hildegardi akaingia katikati ya miraba. Mkononi alikuwa na suruali na shati la kiume, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Alimtazama Jacqueline miguu mpaka kichwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote ni mimi."

"Kwa hiyo mwanangu hayupo."

Nikaelewa, na nikajionea haya, maana miaka kumi na moja nilidhani nawajua wanaotusema. Mama huyu hakutaka shamba wala nyumba. Alisikia kwamba misukule hurudishwa kwa mama zao, na akaamini. Miaka miwili alikuwa akilala huku akijua mwanawe yuko mteremkoni, anachoka, anaona baridi, lakini yuko hai. Alikuja kumvika nguo.

Jacqueline alinigeukia. Alinitazama kama alivyonitazama kule kwangu kwenye kigoda, akingoja nimwambie la kusema. Mimi Edina, mwenye neno la kila kitu, sikuwa nalo hata moja.

Akapiga magoti mwenyewe kwenye nyasi, akamshika mama mkwe wake miguu yote miwili.

"Hayupo, mama. Amekufa. Ningekuwa naye, ningekuletea."

Bibi Hildegardi akapiga ukelele, ule ambao hakuupiga siku ya mazishi, shati amelikumbatia kifuani. Tuliokuja kumtazama mchawi tukakaa chini shambani, mmoja mmoja, tukamlia Cleopa mpaka jioni.